Kompyuta kuukuu na mfumo mwepesi: uzito uko wapi hasa?

Tangu Oktoba 14, 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, steshenari za Tanga zimejaa maneno. Makorora utasikia kwamba kompyuta zote zenye Windows 10 zitajifunga zenyewe. Ngamiani kuna anayetaka kuuza mashine zake za kuchapia kabla hazijakosa mnunuzi. Chumbageni kuna fundi anayewaambia wateja wapige Linux nyepesi tu (mfumo wa kuendeshea kompyuta mahali pa Windows), na kompyuta ya mwaka 2009 itakuwa kama imetoka dukani jana. La kwanza si kweli. La pili ni haraka isiyo na sababu. La tatu lina ukweli ndani yake ila limetiwa chumvi, na ndilo nitakaloshughulika nalo zaidi hapa, kwa sababu watu wanalitolea pesa.

Tuanze na kilichotokea. Windows 10 ilitoka Julai 2015. Kwa miaka kumi Microsoft ilikuwa ikiziba matundu ya usalama yaliyogunduliwa ndani yake, bila malipo. Oktoba 2025 kazi hiyo ilikoma, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata muda wa nyongeza, ambao kwa watu binafsi ulitangazwa kuwa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026. Hakuna anayekuja kukuzimia mashine. Itawaka kesho, itachapa barua, itatoa kopi. Hatari inaingia polepole: kila tundu jipya linabaki wazi, na wanaotafuta matundu hayo wanajua fika kwamba hakuna wa kuyaziba.

Mbona basi watu wasihamie Windows 11? Kwa sababu Windows 11 inachagua mashine. Inataka ram ya GB 4 kwenda juu, inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa prosesa (chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta) za Intel inaanzia, kwa ujumla, kizazi cha 8, yaani mashine za kama 2017 kuja huku. Sasa pita kwenye maduka ya kompyuta za mtumba uangalie kinachouzwa: ThinkPad za kizazi cha 2 na cha 3, Optiplex za Core 2 Duo (prosesa ya Intel iliyotangulia vizazi hivyo), HP za i5 ya kizazi cha 4. Mafundi wanazo njia za kuilazimisha Windows 11 iingie humo, lakini njia hizo zina mwisho wake. Toleo lake la 24H2 linadai uwezo fulani wa prosesa ambao Core 2 Duo haikuzaliwa nao. Hapo hata ulazimishe, haiwaki.

Ndipo linapoingia jina la Linux. Kabla sijaendelea, maneno machache yawekwe sawa.

Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuzipa programu nyingine nafasi ya kufanya kazi. Windows ni mmoja, Linux ni mwingine. Ram ni kumbukumbu ya muda: kila ulichokifungua sasa hivi kimo humo, na umeme ukikatika kinapotea. Diski ndimo faili zinamokaa hata mashine ikizimwa. Kivinjari ni programu ya kufungulia kurasa za intaneti, kama Chrome na Firefox. Na distro? Linux yenyewe, ile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, ni kiini tu. Watu hukichukua kiini hicho, wakakiongezea menyu, madirisha na programu, wakakipa jina: Mint, Lubuntu, Debian, antiX, Puppy. Kila moja ya hizo ndiyo distro. Inayoitwa nyepesi ni ile isiyo na madoido mengi kwenye skrini wala msururu wa huduma zinazojiendesha zenyewe bila wewe kuziona.

Sasa hesabu. Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo nitasema kwa baiskeli. Muuza mkaa anayeendesha na magunia mawili nyuma akilalamika kwamba anachoka, mbadilishie baiskeli yake ya chuma umpe nyepesi. Atakushukuru, maana kilo kadhaa zimepungua. Lakini magunia ni yaleyale mawili. Distro nyepesi ni hiyo baiskeli mpya. Magunia ni kurasa unazofungua kwenye kivinjari.

Windows 10 ikiwa imetulia, kabla hujagusa chochote, hula karibu GB 2 za ram. Linux Mint yenye sura ya Xfce hula kama MB 700 hadi 900. Lubuntu haiko mbali na hapo. antiX inaweza kutulia chini ya MB 300. Kwa mashine yenye ram ya GB 2, kutoka Windows kwenda Lubuntu ni tofauti ya kupumua na kutopumua, na hapo yule fundi wa Chumbageni hajadanganya. Ila fungua Gmail, fungua gazeti moja la mtandaoni lenye matangazo, fungua YouTube. Kila ukurasa wa namna hiyo unaweza kula mamia ya MB peke yake, na unakula hivyohivyo juu ya Windows, juu ya Lubuntu na juu ya antiX, kwa kuwa ukurasa ni uleule. Tofauti ya Lubuntu na antiX, ile ambayo mashabiki wanaweza kukesha wakiibishania, ni ukurasa mmoja au miwili tu ya kivinjari.

Na ram ikijaa je? Kompyuta haisimami. Inaanza kuhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, halafu kuirudisha inapohitajika. Kama diski ni ile ya zamani yenye sahani inayozunguka, uhamishaji huo ni wa polepole kiasi cha kukufanya udhani mashine imekufa. Dalili yake unaiona kwa macho: mshale wa kipanya hausogei, na taa ya diski kwenye boksi inawaka bila kupepesa. Watu husema "inastaki". Wengi wanaodhani tatizo lao ni Windows, tatizo lao ni taa hiyo.

Kwa hiyo mimi nina msimamo, na najua baadhi ya mafundi hawaupendi. Ukiwa na pesa ya jambo moja tu na ram yako ni GB 4 au zaidi, nunua SSD, ile diski isiyo na sahani inayozunguka, hata ya GB 120. Ukiwa na ram ya GB 2, ongeza ram kwanza. Mashine za kama 2010 kuja huku nyingi hutumia ram ya aina ya DDR3, ambayo ya mtumba hupatikana bila shida. Za nyuma ya hapo hutumia DDR2, na hiyo utaihangaikia. Mfumo mwepesi uje baada ya hapo, juu ya mashine iliyokwisha kusaidiwa. Fundi anayekutoza pesa ya kupiga Linux bila kukuuliza ram yako ni ngapi na diski yako ni ya aina gani, amekupa nusu ya dawa.

Kabla hata ya hayo, fungua boksi. Hewa ya pwani na vumbi vinafanya kazi yake humo ndani, na prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Hakuna distro inayosafisha feni. Na kuna kitu kingine kidogo kinachosumbua mashine za zamani: ile betri bapa ya ubao mkuu, CR2032, ikifa, kompyuta inasahau tarehe kila inapozimwa. Ikiamka inadhani ni miaka kumi na mitano iliyopita, kivinjari kinakataa kufungua tovuti kikidai si salama, na mwenye mashine analaumu mfumo mpya aliowekewa asubuhi. Betri hiyo inauzwa hata kwa fundi saa.

Tuje kwenye kupima. Uzuri wa Linux ni kwamba unaweza kuijaribu bila kugusa kilichomo kwenye diski. Unapakua faili la distro, ambalo kwa Mint linakaribia GB 3 na kwa Puppy ni chini ya GB 1, unaliandika kwenye flashi ya GB 8 kwa programu kama Rufus au Ventoy, unawasha kompyuta kwa flashi hiyo. Mfumo unaamka kutoka kwenye flashi, Windows yako ikiwa imelala palepale. Ventoy naipenda zaidi kwa sababu flashi moja inabeba distro kadhaa, ukachagua wakati wa kuwasha. Kama bando ni tatizo, na kwa wengi ni tatizo, tafuta mwenye faili hilo tayari ukalinakili. Linaruhusiwa kugawiwa bure, si wizi.

Ukiwa humo, usipime kasi ya kufunguka kwa programu. Flashi ni ya polepole, hasa kwenye tundu la USB la zamani, na itakudanganya. Pima mambo ambayo flashi haiyaharibu. Je, waifai imeonekana? Laptop nyingi za zamani zenye chipu za Broadcom hukataa mpaka uzipakulie dereva zake, yaani programu ndogo za kuziendesha, na kuzipakua unahitaji intaneti, ambayo ndiyo huna. Njia ya mkato ni kuchomeka simu kwa waya wa USB na kugawa intaneti kutoka humo. Linux huitambua papo hapo. Je, sauti inatoka? Mwanga wa skrini unapanda na kushuka? Ukifunga kifuniko cha laptop na kukifungua, inaamka? Hilo la mwisho ndilo linaloangusha mashine nyingi, na hakuna anayelijaribu mpaka ameshafuta Windows.

Halafu pima ram, kwa uangalifu. Fungua dirisha la kuandikia amri, andika free -h. Itatokea jedwali lenye namba. Mgeni huangalia namba ya ram iliyobaki tupu, akaona ni ndogo, akapiga kelele kwamba hata hii nyepesi imemaliza kila kitu. Linux hutumia ram isiyo na kazi kuhifadhi vitu ilivyovisoma kwenye diski, na huiachia mara moja programu inapoihitaji. Namba ya kuangalia ni ya safu ya mwisho kulia. Iandike mahali. Kisha fungua kazi yako ya kila siku, si ya kujionyesha: ukurasa wa NECTA, Ajira Portal, barua pepe, barua moja ya mteja. Rudia amri, linganisha. Safu hiyo ikibaki na MB mia tano au zaidi, mashine inaiweza kazi yako. Ikikaribia sifuri, kubadilisha distro kutoka nyepesi kwenda nyepesi zaidi hakutakuokoa.

YouTube ipime peke yake. Core 2 Duo inafungua video kwa nguvu za prosesa tu, haina kifaa cha kuisaidia kwa miundo ya video inayotumika siku hizi. Shusha ubora wa picha hadi 480p. Ikikwamakwama hapo pia, ndivyo ilivyo.

Swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza ni hili: distro hiyo itaangaliwa hadi lini? Umeikimbia Windows 10 kwa sababu imeachwa, sasa usiangukie kwenye kitu kitakachoachwa mwaka ujao. Linux Mint 22, iliyotoka 2024, itahudumiwa hadi 2029. Lubuntu 24.04 inaishia Aprili 2027. Debian ina jamii kubwa na utaratibu wa miaka mingi. Lakini kuna distro ndogondogo, nzuri za kupendeza, zinazobebwa na mtu mmoja au wawili kwa muda wao wa ziada. CrunchBang ilikuwa moja. Wapenzi wa wepesi waliisifu kila kona, na Februari 2015 mwenyewe akatangaza kwamba anaacha. Hizo ndizo hasa za waja leo waondoka leo. Jaribu uzipendazo nyumbani. Kwenye mashine ya kuingizia pesa weka yenye mizizi.

Linalofanana na hilo ni suala la biti 32 na biti 64. Hiyo ni namna prosesa inavyoshughulikia data, na ulimwengu umeshahamia 64. Mint na Lubuntu zilikwisha kuziacha mashine za biti 32. Debian 13, ya Agosti 2025, nayo haifungiki tena juu yake. Google iliacha kutoa Chrome ya Linux kwa biti 32 tangu 2016, na Mozilla imetangaza kwamba Firefox inafuata njia hiyo mwaka 2026. antiX bado ina toleo la biti 32, lakini mfumo bila kivinjari cha kisasa unafika wapi? Habari njema ni kwamba mashine za biti 32 tupu ni chache kuliko watu wanavyodhani. Core 2 Duo ni ya biti 64. Ni mafundi waliokuwa wakiipiga Windows ya biti 32 ndio waliotuzoesha kuiona hivyo. Angalia maelezo ya prosesa kwenye Windows yenyewe. Kukiwa na x64, uko salama.

Sasa maneno ya mtaani.

"Linux ni ya wataalamu, ni skrini nyeusi ya kuandika amri." Simu yoyote ya Android inaendeshwa na kiini hichohicho cha Linux, na anayefanya nayo M-Pesa pale stendi ya Kange hajawahi kuandika amri hata moja. Mint ya leo ina menyu pembeni, saa kwenye kona, na mtoto aliyezoea Windows 7 anaielewa kabla chai haijapoa. Wala si kitu kigeni kwa Kiswahili: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili kitupu. OpenOffice ndiyo iliyomzaa LibreOffice, inayokuja ndani ya distro nyingi leo.

"Haipati virusi." Inavipata vichache sana, kwa kuwa vingi vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Kile kirusi cha flashi kinachogeuza mafolda ya mteja kuwa vialama vya njia ya mkato hakiwezi kujiendesha kwenye Linux. Utaona faili lake la ajabu limekaa tu, na mafolda halisi yako pale. Kwa steshenari inayopokea flashi za wanafunzi kutwa nzima, hiyo peke yake ni sababu ya kuwa na mashine moja ya Linux mlangoni. Lakini usipolifuta, flashi itatoka kwako na kirusi chake na kwenda kuambukiza kwingine. Na ukurasa wa kitapeli unaoomba namba ya siri haujali unatumia mfumo gani.

"Kuna Windows nyepesi, fundi anayo." Hizo ni Windows zilizokatwakatwa na mtu usiyemjua, mara nyingi kwa kuondoa masasisho na ulinzi, kisha zikafunguliwa leseni kwa programu ya wizi ambayo inakutaka uzime kinga ya virusi kwanza. Zinakwenda kasi, sikatai. Sitaingiza humo nywila ya benki.

"Faili za Word hazitafunguka." Zitafunguka, na barua ya kawaida au CV hutoka sawa. Mistari ikiruka, mara nyingi ni kwa sababu ya fonti: Calibri na Times New Roman kwa sababu ya leseni haziji na distro nyingi, na mahali pake huwekwa Carlito na Liberation, ambazo herufi zake zina upana uleule. Hakikisha zimo. Kinachoumiza ni kwingine, na hapa wauzaji wa wepesi hunyamaza. Anayetengeneza kadi za harusi kwa Publisher, mabango kwa CorelDRAW au picha kwa Photoshop, kazi hizo hazihami. LibreOffice hufungua faili za Publisher kwa kubahatisha. Mtu wa namna hiyo abaki na mashine moja ya Windows inayokidhi viwango, na zile kuukuu za kuchapia na kuangalizia matokeo ndizo azihamishie Linux.

Printa nayo usiisahau, kwa sababu steshenari bila printa ni duka la madaftari. HP nyingi zinakubali bila kelele. Epson za wino wa kumimina zina dereva za Linux kutoka kwa Epson wenyewe. Canon za LBP zinazotumia utaratibu wa CAPT ni mgogoro. Zipo njia, lakini si za mtu mwenye foleni ya wateja. Ichomeke printa yako wakati bado unajaribu kwa flashi, uchapishe ukurasa mmoja, ndipo uamue.

Kuhusu bando la masasisho: Mint inakuonyesha yaliyopo na kungoja ubonyeze, haichukui bando mchana wateja wakiwepo. Bonyeza usiku, kwa bando la usiku. Ila bonyeza, asiyesasisha Linux hana tofauti na aliyebaki na Windows 10.

Zinabaki mashine za mwisho kabisa, zile laptop ndogo za Atom, prosesa dhaifu ya Intel, na kompyuta za ram ya GB 1 zisizoongezeka. Huko intaneti isahau, hata mfumo uwe mwepesi namna gani. Weka antiX au Puppy, ambayo ikishaamka hukaa yote ndani ya ram, na uitumie kwa yasiyohitaji kivinjari: kuandika, hesabu za duka, kujifunza kuchapa kwa vidole kumi. Ipo pia Kiwix, programu inayosoma Wikipedia bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili nzima inaenea kwenye flashi ndogo, na ukurasa wa maandishi usio na matangazo Atom inaubeba.